Kichwa cha kwanza kilikuwa cha nani?

Kabla ya seli hai kupandikizwa katika ubongo wa binadamu, panya na tumbili hutangulia. Wakazi wa Kisii na Nyamira, ambao mababu zao walikuwa mabingwa wa kupasua vichwa, wana haki ya kuuliza kwa nini

MWANA wa mhunzi asiposana huvukuta. Katika vilima vya Kisii na Nyamira methali hii iliwafaa watu wa kazi nyingine kabisa, nao ni wapasuaji wa vichwa. Kwa Ekegusii mtu wa kazi hiyo aliitwa omobari omotwe, na wakiwa wengi waliitwa ababari. Kijana aliyetaka kuirithi kazi hakwenda chuoni. Alianza kwa kushika kichwa cha mgonjwa kisitikisike, akatumwa maji, akatumwa majani ya dawa, na miaka ikisonga akakabidhiwa kile chuma cha kukwaruzia.

Aghalabu mgonjwa alikuwa mtu aliyewahi kuumia kichwa. Labda alipigwa rungu katika ugomvi, labda aliteleza kutoka juu ya mti, labda aligonga paji la uso kwenye mwimo wa mlango. Jeraha lilipona lakini maumivu yakabaki. Miezi ikapita, kichwa kikimvuma usiku na mchana, hata jamaa wakaafikiana aitwe omobari. Mgonjwa alikalishwa au akalazwa, ndugu zake wakamshika. Ngozi ya kichwa ilipasuliwa kwa kisu na kufunuliwa, kisha mfupa wa fuvu ukakwaruzwa polepole mpaka tundu likapatikana.

Hapo ndipo ustadi ulipojulikana. Chini ya fuvu pana utando mgumu unaoufunika ubongo, na kuutoboa utando huo ni kumfungulia mgonjwa mlango wa mauti. Kwa hivyo omobari alikwaruza badala ya kupiga, akasita alipouona utando, akatia dawa zake na kufunga kidonda. Nusukaputi ya hospitali haikuwapo.

Msomaji wa mjini, hasa kijana aliyezaliwa Nairobi au Mombasa, huenda akadhani hizi ni ngano za jioni. La hasha. Mwaka wa 1958 jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha makala ya Daktari J. G. Grounds kuhusu upasuaji huu wa Wakisii, wakati Nyamira ingali sehemu ya wilaya ya Kisii. Katika miaka hiyo hiyo Daktari Edward Margetts, Mkanada aliyefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliwafuata ababari na wagonjwa wao, akakusanya picha na kuandika kwa kirefu juu yao. Baadhi ya waliopasuliwa walikuwa wamerudi kwa omobari zaidi ya mara moja, na fuvu lao lilikuwa na pengo kubwa ajabu, lakini walikuwa hai.

Wala Wakisii hawakuwa peke yao. Mafuvu yenye matundu yaliyopona yamefukuliwa Peru na Ufaransa, mengine ya maelfu ya miaka. Daktari mashuhuri wa Paris, Paul Broca, alitaka sana kujua watu wa kale waliwezaje bila vyombo vya chuma. Akachukua kipande cha kioo na kuanza kukwaruza fuvu la maiti. Fuvu la mtoto wa miaka 2 lilimchukua dakika 4. La mtu mzima lilimchukua dakika 50, zikiwemo za kupumzisha mkono. Ni jambo la kuchekesha kidogo, bingwa wa Ulaya akitoka jasho kwa kazi ambayo pengine omobari angeimaliza huku akizungumza na wageni.

Sasa njoo kwenye swali ambalo mwanafunzi mdadisi hana budi kuliuliza. Omobari wa kwanza alijuaje mahali pa kusimama? Nani alimwambia kwamba utando ule hautobolewi? Ustadi haukushuka kutoka mawinguni. Ulipatikana kwa kujaribu, na waliojaribiwa walikuwa watu, mmoja baada ya mwingine, kizazi baada ya kizazi. Kipo kichwa cha kwanza. Kipo pia kichwa ambacho chuma kilizama zaidi ya kilivyopasa, na kutokana nacho wengine wakajifunza.

Madaktari waliozuru Kisii waliandika kwamba vifo vilikuwa vichache. Inawezekana kabisa. Lakini wengi wa waliochunguzwa ni wale waliofika mbele ya daktari wakitembea kwa miguu yao, na marehemu haji kupigwa picha ya eksirei. Anayewahesabu waliopona peke yao atapata hesabu nzuri siku zote.

Hakuna dharau kwa ababari katika kusema hivyo. Ulaya iliyokuwa na maabara na vitabu ilifanya mabaya makubwa zaidi, tena kwa makusudi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, madaktari wa Kinazi walishtakiwa katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, kwa kuwafanyia wafungwa majaribio ya kikatili. Mahakama ilipotoa hukumu mwaka wa 1947 iliorodhesha kanuni 10 za kufanya majaribio kwa binadamu. Ya kwanza inataka mtu akubali kwa hiari yake. Ya tatu inasema jaribio lijengwe juu ya matokeo ya majaribio kwa wanyama na juu ya ujuzi wa ugonjwa wenyewe. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo madaktari wa dunia nzima hulifuata, lilishika njia hiyo hiyo. Kwa ufupi, dunia iliamua kwamba kichwa cha kwanza kisiwe cha mtu.

Kidonge hutoka, seli hubaki

Jambo hili lingebaki la wanahistoria kama si tiba mpya inayotajwa siku hizi kila mahali, hata kwenye simu za wazazi wetu vijijini. Ni tiba ya seli. Seli ni ile chembe ndogo ya uhai ambayo mwili wote umejengwa kwayo, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Miongoni mwa seli zipo zinazoitwa seli shina, ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kulelewa katika maabara zikawa seli za moyo, za ngozi, au za ubongo. Wazo la wataalamu ni jepesi kulieleza. Pale ambapo seli za ubongo au za uti wa mgongo zimekufa, zipandwe nyingine.

Kuitenda kazi yenyewe ni mlima. Ukimeza kidonge kikakudhuru, unaacha kukimeza, na baada ya saa au siku kadhaa mwili umekitoa. Seli iliyopandwa ndani ya ubongo haitoki. Inaishi humo, inaweza kugawanyika, inaweza kuhama kutoka mahali ilipowekwa, inaweza kuungana na majirani wasio wake. Mbaya zaidi, seli shina ambayo haikukomaa inaweza kuendelea kuzaana bila kikomo, na huo ndio uvimbe. Hakuna daktari anayeweza kufungua kichwa mara ya pili na kuziokota moja moja. Ndiyo maana tiba hii, kuliko karibu nyingine zote, imelazimika kupitia kwa wanyama.

Tuchukue ugonjwa wa Parkinson. Tuseme una babu yako Keroka ambaye mkono wake unatetemeka hata akiwa ameketi, hatua zake zimekuwa fupi, uso umekuwa kama kinyago na kikombe cha chai hakifiki mdomoni bila kumwagika. Majirani watasema ni uzee, wengine watasema amerogwa. Ukweli ni kwamba seli fulani ndani kabisa ya ubongo wake, zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, zimekuwa zikifa kwa miaka.

Jambo hilo tulifunuliwa na sungura. Mwaka wa 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowanyamazisha wakalala kama magunia. Kisha akawadunga levodopa, kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini, na katika muda mfupi sungura wakainua masikio na kuanza kutembea. Kutoka hapo ikapatikana dawa ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya matibabu ya Parkinson, na mwaka wa 2000 Carlsson akashiriki Tuzo ya Nobel. Kwa taarifa yako, msomaji, levodopa imo pia katika mbegu za upupu, ule ule unaowasha watoto wakarudi nyumbani wakilia. Usiende kuuchuma. Hakuna anayejua mbegu moja ina kiasi gani.

Levodopa husaidia, lakini haizirudishi seli zilizokufa, na miaka ikipita huanza kuleta mitikisiko yake yenyewe. Mwaka wa 1979 watafiti wa Sweden na Marekani walionyesha kwamba seli changa za dopamini zilizotolewa katika vijusi vya panya zinaweza kupandikizwa katika ubongo wa panya mkubwa aliyeharibiwa sehemu hiyo, naye akapata nafuu. Miaka 8 baadaye, mwaka wa 1987, madaktari wa Lund, Sweden, walianza kuwapandikizia wagonjwa seli zilizotoka katika mimba zilizotolewa. Kama unavyoweza kufikiri, mjadala wa kidini na kimaadili ulizuka na haujaisha.

Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kubwa. Lakini nafuu ya mgonjwa mmoja aliyejaa matumaini si ushahidi, na Wamarekani wakaamua kupima kwa njia ngumu. Walichukua wagonjwa 40. Nusu walipandikizwa seli. Nusu nyingine walitobolewa fuvu tu, utando wa ubongo ukiachwa bila kuguswa, wasijue wako upande gani. Omobari wa Kisii angeuelewa upasuaji huo mara moja! Matokeo yalitolewa mwaka wa 2001. Vijana kidogo miongoni mwao walionyesha nafuu katika baadhi ya vipimo, wazee hawakuonyesha. Na baada ya mwaka mmoja, baadhi ya waliopandikizwa walianza kutikisika bila kujizuia, hata walipoacha dawa.

Panya hawakuwa wamelionya jambo hilo. Wengi wao hawakuwahi kupewa levodopa kwa muda mrefu kabla ya upandikizaji, ilhali wagonjwa walikuwa wameimeza kwa miaka. Ndiyo kusema mnyama hujibu swali aliloulizwa tu. Usipomuuliza, hasemi.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha jinsi uteuzi wa mnyama ulivyo na uzito. Mwaka wa 1982 vijana kadhaa wa California waliokuwa wakijidunga dawa za kulevya zilizotengenezwa kienyeji walifikishwa hospitali wakiwa wamekakamaa kama wazee wa Parkinson. Daktari William Langston akagundua kwamba dawa yao ilikuwa na sumu iitwayo MPTP. Panya wa maabara wa aina ya buku wakipewa sumu hiyo huistahimili vizuri tu. Tumbili hawaistahimili, huugua kama wale vijana. Tangu hapo tumbili na kima wakawa ndio mtihani wa mwisho kwa kila tiba ya Parkinson kabla ya kumfikia mtu.

Mtihani uliofaulu

Wajapani ndio waliouchukua mtihani huo kwa subira ya kupigiwa mfano. Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za kawaida za panya na kuzirudisha utotoni, zikawa kama seli shina. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka wa 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon. Hapakuwa tena na haja ya vijusi.

Mwenzake wa Kyoto, daktari wa upasuaji wa ubongo Jun Takahashi, alizilea seli hizo zikawa za dopamini na kuzipandikiza kwa kima waliofanywa waugue kwa MPTP. Aliwatazama kwa muda wa hadi miaka 2. Walitembea vizuri zaidi, na uvimbe haukuonekana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2017. Oktoba 2018 mgonjwa wa kwanza akaingizwa chumba cha upasuaji, na Aprili 2025 ripoti ya wagonjwa 7 ikatolewa. Hakuna aliyepatwa na madhara makubwa kutokana na seli. Kati ya 6 waliopimwa nafuu, 4 walionekana wamepiga hatua wakiwa hawajanywa dawa.

Wanne kati ya sita. Kwa mtu mwenye baba anayetetemeka, hesabu hiyo inasisimua. Kwa mtafiti ni idadi ndogo mno, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Tangu panya wa 1979 hadi ripoti hiyo ni miaka 46. Ukisikia mtu akidai amekuja na tiba ya seli ya magonjwa yote ya ubongo aliyoivumbua juzi, mkumbuke kima wa Kyoto.

Wakati mwingine wanyama hulizuia jambo kabisa. Kampuni ya Geron ya Marekani ilikuwa tayari kuwa ya kwanza duniani kuwapandikizia watu waliovunjika uti wa mgongo seli zilizotokana na viinitete vya binadamu. Mwaka wa 2009 serikali ikaisimamisha kwa sababu panya kadhaa waliodungwa seli hizo walionekana na vifuko vya maji mahali pa sindano. Kampuni ikarudi maabara, ikafanya majaribio mengine ya wanyama, na mgonjwa wa kwanza akapandikizwa Oktoba 2010. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2011, Geron iliacha mradi wenyewe, si kwa madhara bali kwa sababu za kifedha. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye viti vya magurudumu hawakuwa na la kusema.

Mvulana aliyepelekwa Moscow

Na kama hatua hizo zikirukwa? Mfano upo, nao ni wa kutia uchungu. Mvulana wa Israeli alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoharibu sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kusimama sawasawa. Wazazi wake, kama mzazi yeyote ambavyo angefanya, walitafuta kila mahali. Kuanzia mwaka wa 2001 walimpeleka Moscow, ambako alidungwa seli za neva za vijusi ndani ya ubongo na kwenye maji ya uti wa mgongo, tena si mara moja. Miaka 4 baada ya sindano ya kwanza madaktari wa nchini kwake waliona uvimbe katika ubongo na mwingine kwenye uti wa mgongo. Ule wa mgongoni ulipotolewa na kupimwa, ulionekana umetokana na seli za watu wengine, tena wasiopungua wawili. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la kitabibu mwaka wa 2009.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu njia ya ng'ambo siku hizi si ngeni kwa familia za Kisii na Nyamira. Harambee hufanywa, bonasi ya majani chai hungojwa, kipande cha shamba huuzwa, mgonjwa akapelekwa India au kwingineko. Mara nyingi ni kwa upasuaji unaojulikana na wenye faida, na hilo ni jambo jema. Lakini wapo pia wauzaji wa matumaini, wanaotangaza seli shina kwa kiharusi, kifafa, kupooza na hata watoto waliozaliwa na mtindio wa ubongo, zote kwa sindano ile ile. Chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina kimekuwa kikionya dhidi ya kliniki za namna hii kwa miaka mingi.

Mtu anayetangaza sindano moja kwa magonjwa kumi huwa hana panya hata mmoja wa kukuonyesha. Kifafa kina panya wake. Watafiti wa California waliwapandikizia panya wenye kifafa seli za kutuliza ubongo na kuona mishtuko ikipungua sana. Walilitangaza jambo hilo mwaka wa 2013, na majaribio ya kwanza kwa watu, yakitumia seli za binadamu za aina hiyo, yalianza mwaka wa 2022. Kupooza kwa kuvunjika mgongo kuna panya wake, kuna hata nguruwe wake, kwa kuwa uti wa mgongo wa nguruwe unakaribia wetu kwa ukubwa na daktari anaweza kujifunza sindano iingie kina gani. Kila ugonjwa una safari yake.

Nyani wa Karen

Hapa kwetu Kenya kazi ya wanyama wa jamii ya nyani ina historia ndefu. Mwaka wa 1960 Louis Leakey, yule yule wa mafuvu ya Olduvai, alianzisha kituo cha utafiti Tigoni, karibu na Limuru. Baadaye kilihamia msitu wa Oloolua, Karen, na leo ni Taasisi ya Utafiti wa Nyani ya Kenya. Nyani, tumbili na kima wametumika huko katika utafiti wa malaria, kichocho, virusi vya jamii ya Ukimwi na magonjwa ya uzazi ya wanawake. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hairuhusu mtu kumfanyia mnyama majaribio bila leseni, na taasisi yenyewe hutakiwa kuwa na kamati ya kuchunguza kila mradi.

Ni rahisi kusema wanyama hawa wanateswa bure. Ni rahisi pia kusema nyani ni mwizi wa mahindi tu, afanyiwe lolote. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Kima wa Kyoto alidungwa sumu, akatetemeka, akapasuliwa kichwa, na mwisho akauawa ili ubongo wake utazamwe. Hayo yasifichwe nyuma ya maneno laini. Na watafiti wenyewe wamelikubali jambo hilo tangu mwaka wa 1959, Waingereza Russell na Burch walipoandika kwamba mtafiti abadilishe mnyama kwa njia nyingine panapowezekana, apunguze idadi, na apunguze maumivu.

Isitoshe, mnyama hudanganya. Mwaka wa 2006 vijana 6 waliojitolea London walipewa dawa iliyokuwa imepita salama kwa tumbili, kwa kiwango kidogo mara 500 kuliko kile cha wanyama. Saa chache baadaye wote walikuwa mahututi, ingawa waliokolewa. Katika ugonjwa wa neva unaolemaza misuli polepole, ule uliomkalisha Stephen Hawking kwenye kiti, dawa nyingi zilizowarefushia panya maisha hazikumfaa mtu.

Kwa sababu hizo sheria zimeanza kulegezwa. Desemba 2022 Marekani iliondoa sharti la miaka mingi kwamba lazima dawa ijaribiwe kwa wanyama kabla ya watu. Sasa mtengenezaji anaweza kuleta ushahidi mwingine, kama vile vibonge vya seli za ubongo wa binadamu vinavyooteshwa maabara, au hesabu za kompyuta. Vibonge hivyo ni vya ajabu kweli, vidogo kama punje ya dengu. Lakini kibonge hakitembei. Hakitetemeki, hakiangushi kikombe, hakina mwili ambamo tungeona kama seli zitahama. Kwa tiba ya seli za ubongo, kwa maoni yangu, bado tutamhitaji mnyama mzima kwa muda, na heri wawe wachache waliotazamwa kwa makini kuliko wengi waliopita haraka haraka.

Maswali ya kubeba

Leo kazi ya ababari imefifia. Kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka hukimbizwa hospitali ya rufaa, si kwa mzee mwenye chuma. Lakini kitu kimoja cha zamani kilikuwa na faida: omobari aliishi kijijini. Akikosea, jamaa wa marehemu walimjua, na mlango wake waliujua. Muuza seli wa kwenye simu hana mlango.

Kwa hivyo familia haina budi kuuliza, tena kabla harambee haijatangazwa. Je, seli hizi zilijaribiwa kwa mnyama gani, mwenye ugonjwa huu huu au mwingine, na alitazamwa kwa muda gani? Matokeo yalichapishwa wapi ili daktari wetu ayasome? Zimetoka kwa nani? Ni watu wangapi wameshapewa, na wale ambao hawakupona wako wapi? Hili la mwisho ndilo ambalo hata madaktari wa miaka ya 1950 hawakuliuliza vya kutosha.

Ikiwa ni jaribio linalofanywa hapa nchini, lazima liwe limepita mbele ya kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu, na mtafiti awe na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Mhusika huelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Ekegusii, hutia sahihi kwa hiari, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Pia halipi chochote. Kwa kawaida hata nauli yake hurudishwa.

Mtu akikuambia mgonjwa wako ataingizwa katika jaribio la kisayansi, kisha akakutajia bei, mshukuru, chukua faili ya hospitali na picha zako za eksirei, urudi kituo cha matatu.